Mwanamume Hapulizi Uji

...siyo kitu kimoja, ndivyo alivyosema daktari, siyo kitu kimoja Filemoni, kuna damu ya ukoo, kuna chakula, kuna hata vijidudu vinavyoishi humo tumboni, vingine vinalinda vingine vinachokoza, na kuna huo moto wa vinywaji unaounguza koo kila siku, na sasa mama yake amesimama mbele yake jikoni, "Daktari wa Mugumu amesemaje kuhusu kaka yako?" na Filemoni ameshika kikombe cha uji wa ulezi kinachofuka mvuke, amesemaje, amesema Godwin ana saratani ya koo, ile ile iliyomkausha baba mpaka akashindwa kumeza hata mate, baba, mzee Waitara, aliyekuwa akishusha uji unaotokota mbele ya wageni na kujigamba kwamba mwanamume hapulizi uji, na mama akicheka, mama akichochea kuni, maana mke anayempenda mumewe hampi uji uliopoa... "Ni wale wale waliomroga baba yako," mama anasema, "mimi nilijua," na miaka yote hii ameuegemea uchawi wa majirani kama mtu anavyoegemea fimbo, umnyang'anye fimbo hiyo umpe nini, umpe sufuria yake mwenyewe? Mungu wangu, umwambie mama kwamba mapenzi yake yamo ndani ya kile kidonda, hapana, heri kunyamaza, yaliyopita si ndwele... "Tata, niangalie, sipulizi!" ni Boke, binti yake, amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili, macho yanamtoka machozi kwa moto na bado anacheka, na bibi yake anampigia vigelegele, na Filemoni anaogopa, anaogopa sana, kwa sababu damu ile Boke hakupewa na bibi, amepewa na yeye Filemoni, nayo haitoki tena, moto tu ndio unaoweza kukatazwa, basi aseme mtoto ana jino, ndiyo, jino linamuuma, asipewe cha moto, uongo wa leo huo, na kesho? na keshokutwa? jino gani litakalouma mpaka mtoto aolewe... "Nakuuliza, mwanangu, daktari amesemaje?" na mvuke bado unampanda usoni, na anaona wazi kwamba kati ya hawa wawili hana budi kumuumiza mmoja, na moyo wake umeshachagua kabla yeye mwenyewe hajakubali, ni mama atakayeumia.