Makopo Yasiyoandikwa

Mama Makopo alipewa jina hilo kwa sababu ya rafu yake: makopo ishirini ya maziwa ya unga, yamefanana kama mapacha, na hata moja halikuandikwa kitu. Kila msimu wa baridi, watu wakishinda ndani wanakula tu mpaka matumbo yanajaa gesi, ndiye waliyemkimbilia. Tangawizi kavu, shamari, mnanaa, vyote vilikuwamo humo. Mwanawe alimsihi miaka nenda miaka rudi aandike majina. Jibu lilikuwa moja tu: "Pua yangu inasoma kuliko wewe." Ukaidi huo, jamani, nusura umponze.

Juzi alishusha makopo yote apanguse rafu. Jana akayarudisha huku mafua yamemziba, hata kitunguu kikiungua hasikii. Je, alisubiri apone? Thubutu. Aliyapanga kwa kukisia rangi, na unga wa majani makavu, ukiutazama kwa macho tu, wote ni kijani.

Asubuhi hii fundi viatu wa jirani akapita na mkongojo wake. "Mama Makopo, dawa ya magoti uliyonipa jana mbona haiwashi? Nimejipaka mpaka nimechoka. Naambiwa nanukia mnanaa, mke wangu ananicheka."

Mama Makopo alitaka kucheka naye, kisha akaigeukia rafu. Mnanaa ulikuwa kwenye dawa ya tumbo. Ile ya magoti ilikuwa ya kupaka tu; mtu akiimeza ni sumu. Na jana alifunga pakiti mbili, basi. Moja ya fundi. Ya pili alimpelekea mkwewe, mke wa mwanawe huyohuyo, mwenye mimba ya miezi saba, aliyelalamika tumbo kujaa. Kijiko kimoja kabla ya kulala, kingine asubuhi, alimwagiza kwa kinywa chake mwenyewe.

Alimwacha fundi pale pale mlangoni akatoka mbio, kichwa wazi katika baridi ile, kandambili moja ikakatika njiani akaiacha. Alikuwa anaogopa hasa, woga wa kukausha mate. Akilini alimwona mkwewe amelala sakafuni. Alimwona mwanawe akimgeuzia mgongo. Majuto ni mjukuu, watu husema, na neno hilo yeye alikuwa amelisema mara mia bila kulifikiria.

Alimkuta mkwewe kitandani, amekaa anakunja nguo, amevaa sweta la mumewe.

"Karibu mama. Mbona unahema hivyo?"

"Ile dawa. Umeinywa?"

"Nimekunywa mama, jana na leo. Imenisaidia sana, ahsante."

Akamsogelea pale kitandani. "Tumbo linakata? Mtoto anacheza?"

"Anacheza. Kaa basi, nikupe maji."

"Vaa viatu, twende hospitali."

"Mama, mimi mzima kabisa. Dawa yako imenifaa."

"Nimekupa sumu, mwanangu." Machozi yakaanza kumtoka. "Nimekupa ya kupaka magoti. Nimekuua wewe na mjukuu wangu, kwa kiburi changu. Twende, tafadhali."

Mkwe akaacha kukunja. Akainuka taratibu, akafungua kabati na kutoa foronya iliyofungwa kwa kamba. Akaimwaga kitandani. Pakiti zilikuwa tele, za msimu huu, za mwaka jana, za mwaka juzi, kila moja na fundo lake la uzi mwekundu, halijaguswa.

"Hizi sijanywa hata moja, mama. Nilijaribu ya kwanza kabisa, ikanitapisha. Nikaogopa utasema nakudharau. Nisamehe."

Mama Makopo alizishika moja moja. Mafundo yalikuwa yake. Miaka mitatu alikuwa akitamba mtaa mzima kwamba mkwe wake haendi kwa daktari, dawa ni zake tu. Siku nyingine angenuna mwezi mzima, salamu zingepitia kwa mtu wa tatu. Leo alikaa chini akalia kwa sauti, akaweka kiganja kwenye tumbo lile, mtoto akamsukuma kutoka ndani.

"Umenidanganya vizuri, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Kisha akajifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Humu ndani mna kalamu?"