Mahakama za Wapi

...mahakama za wapi, nimekwama kwenye kifungu hicho cha mkataba wa mkopo, kishale kinawaka na kuzima kwenye skrini, mahakama za huku au za ng'ambo, maana huku mdhibiti wa mikopo anasema nyumba ya rehani haiuzwi mpaka hakimu awasikilize wenyewe, kule notisi inabandikwa mlangoni, dalali anafuata, kwisha, na sisi tunaandika mkataba mmoja wa nyuso mbili, mdhibiti wa huku anadhani wa kule anaangalia, wa kule anadhani wa huku, fahali wawili wamelala fofofo na nyasi bado zinaumia... “Binti, bado tu?” bosi huyo, kasimama mlangoni na kikombe chake, “Weka sheria ya kule, si wanasaini kule?” wanasaini kule, eti, ushirika mzima wa washonaji umekodiwa basi, wavushwe mpaka, wasaini hotelini, washibe, warudishwe, na shangazi aliyenilea, mwenyekiti wao, jana kanipigia anacheka, “Mwanangu, na mimi nakwenda ng'ambo! Nivae lile la bluu, au watasema mshamba huyo?” nikamwambia vaa la bluu, mimi huyu, mdomo wote ule wa midahalo ya chuoni, nikasema la bluu linakupendeza, na nyumba yake ndiyo ya kwanza kwenye rehani, chumba cha nyuma nilikosomea, dirisha lisilofunga... nikimwambia usiende nimevunja siri ya mteja wetu, mkopeshaji, leseni kwaheri, nisipomwambia... “Usipoandika wewe ataandika mwingine,” bosi anasema, kwa upole kabisa, lo, hoja ya jambazi hiyo, ukumbini ningeichana vipande kabla kengele haijalia, ngoja basi niichane, kama mwingine anaweza, kwa nini asiandike mwingine, ofisi imejaa mawakili wenye mvi, mimi nimeingia juzi, hata kiti changu kinayumba, kwa nini kazi hii kaletewa mtoto... “Tena wewe wale akina mama wanakujua,” anasema, anapuliza chai, kumbe, kumbe si kalamu yangu wanayoitaka, shangazi hasomi mikataba, ataketi pale hotelini na gauni lake, atauliza tu nani kaandika haya, na bosi atatabasamu, atamwambia ni mwanao, mama, na shangazi atasaini bila hata kufunua ukurasa wa pili.