Kasimamishwa

Bi Mwatum alikuwa uani kwake, kijijini Ole, anazigeuza karafuu jamvini na kuwafukuza kuku, pale Ngwali, tarishi wa ofisi ya mudiria, alipofunga breki ya baiskeli mlangoni.

"Bi Mwatum, hujasikia? Mwanao kasimamishwa!"

Sasa mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na neno hilo lilikuwa la ngoma. Juzi tu Mbarouk wa Wete alisimamishwa na chama chake agombee, watu wakacheza mpaka miguu ikavimba. Na mwana wa Bi Mwatum ni nani? Bwana Msellem, Mudir mzima, mkubwa wa serikali wa eneo lile, mtu wa gari na tarbushi. Asisimamishwe yeye, asimamishwe nani? Bibi wa watu akapiga kigelegele, kuku wakaruka.

Ngwali angeweza kumwambia. Hakumwambia. Mudir alimkaripia siku moja mbele za watu, na hilo lilikuwa bado limemkaa kooni. Akaomba maji, akanywa, akapanda baiskeli yake huyoo.

Mbuzi alikuwa mmoja tu, wa maziwa. Akachinjwa. Adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Shaame wa kijijini hapo, ambaye kwa kawaida hata salamu huitoa kwa kupima, alileta kuni bila kuombwa. Bi Mize wa jirani alikuna nazi huku akimsifu Mudir kwa sauti.

"Akishinda, mwanangu Bakar atapata kazi bandarini?" aliuliza.

"Atapata, kwa nini asipate?" alisema Bi Mwatum. "Si mtoto wetu huyo!"

Bwana Msellem alitokea alasiri, kwa miguu, mkoba mkononi, viatu vimejaa vumbi. Asubuhi Mzungu, mkuu wa wilaya, alikuwa amemwita. Imesemwa kwamba wafungwa wa serikali wanachuma karafuu shambani kwake. Imesemwa na nani? Hakuambiwa. Je, ni kweli? Hakuulizwa.

"Si adhabu," Mzungu alimwambia kwa upole. "Ni tahadhari tu."

Kwa tahadhari wakachukua gari. Kwa tahadhari wakamtaka aihame nyumba ya serikali.

Vigelegele vikamlaki. Akamtazama mama yake, mafuta ya nyama mpaka viwikoni, anacheka kama mwari.

"Nani kakwambia, mama?"

"Ngwali! Weye ulitaka kunificha, eti?"

Akaketi jamvini, akapewa sahani, akala. Haya, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Wali haujafika nusu, Ngwali akarudi.

"Bwana Msellem," alisema, na wala hakusema Bwana Mudir, "naomba ufunguo wa nyumba. Kaimu anahamia leo leo."

"Kaimu wa nini?" aliuliza Bi Mwatum.

"Wa mudiria, Bi. Si nilikwambia kasimamishwa? Kasimamishwa kazi. Anachunguzwa."

Bi Mwatum alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama sahani. Hapo akajua.

Bi Mize akakumbuka kwamba ana nguo juani. Wengine wakaanza kutafuta viatu. Shaame akafyonza mfupa mpaka ukatoa mlio.

"Mie nilisema tangu zamani," alisema. "Karafuu za shamba lile zinachumwa upesi mno."

Bi Mwatum akaenda mlangoni, akatia komeo.

"Hatoki mtu. Mbuzi wangu mmeshamla, wala harudi. Sufuria ina wali bado. Kaeni muumalize, na mumtazame usoni."

Wakakaa. Wakala, macho yamo kwenye sahani. Msellem alitoa ufunguo mfukoni akampa Ngwali. Mama yake akasimama mlangoni machozi yanamtoka, wala hakuyafuta, mpaka sufuria ikawa tupu. Ndipo akatoa komeo, wakatoka mmoja mmoja bila ya kuaga.

Wiki ile ile Shaame alikwenda kutoa ushahidi dhidi ya Msellem. Aliulizwa, habari za Mudir yeye kazijuaje?

"Mie mtu wa nyumbani kwao, bwana," alijibu. "Nakula kwao."