Kiganja Chini ya Kidevu

Mimi hufundisha kusoma kwa makofi, na anayeona ni kelele na azibe masikio. Kiswahili hakimsumbui mtoto: ba, be, bi, bo, bu, kamaliza. Lakini neno refu la Kiingereza humtisha kuliko mbwa, mpaka umkatie vipande, kila kipande kofi moja. Um-brel-la, makofi matatu. Darasa langu ni chumba cha nyuma cha duka la simu la Zénon, hapa Overport, kwenye nchi ya Wazulu tuliyohamia, na kila jioni Zénon hulalamika kwamba wateja wanadhani tumefungua kanisa.

Anayepiga kwa nguvu kuliko wote ni Ineza, wa miaka sita. Mama yake, Marie-Claire, husuka nywele saluni ya mtaa wa pili na huchelewa kumchukua. Siku moja Ineza alikuwa amebaki peke yake Zénon alipoingia na simu mkononi, akasema kundi la watu wenye fimbo linashuka barabarani likitafuta maduka ya wageni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Zénon alishawahi kuvunjiwa duka yeye akiwa ndani. Alivuta mlango wa chuma mpaka chini, akazima taa, tukajibanza watatu nyuma ya maboksi ya chaja.

"Bakiona ni kimya, banapita," alininong'oneza kwa Kiswahili cha kwao. "Bakijua ndani iko watu, banavunja."

Tulisikia nyimbo kwanza. Kisha fimbo zikaanza kukwaruza milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine, zikija kwetu. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Ineza hakulia. Afadhali angelia, kilio ningekiziba kwa kifua changu. Alifanya nilichomfundisha mimi mwenyewe: neno likikutisha, lipigie makofi. Mwanga kidogo uliopenya juu ya mlango ulilifikia boksi lililokuwa mbele yake, lenye neno refu la Kiingereza, accessories, naye akalikazia macho.

"Ac," alinong'ona, na kofi likalia.

Nje, fimbo zilinyamaza.

Nilimdaka mikono yote miwili. Akaivuta, akaanza kuhema, na nikaona kwamba nikiendelea kumshikilia atapiga yowe. Basi nikachukua kiganja chake nikakiweka chini ya kidevu chake. Nikaweka na changu hivyo hivyo, nikafungua mdomo bila sauti ili aone. Kila kipande cha neno, kidevu kinashuka na kugusa mkono. Ac. Ces. So. Ries. Alinitazama sana. Kisha kidevu chake nacho kikashuka, kikagusa, na pumzi yake ikatulia.

Mtu alitikisa mlango wetu, akauliza kwa Kizulu kama kuna mtu ndani. Zénon alikuwa amefumba macho. Ineza alisoma boksi lile tena na tena, kimya, mpaka yule mtu akawaambia wenzake jambo na fimbo zikahamia duka linalofuata. Huko tulisikia vioo vikivunjika.

Marie-Claire alikuja giza lilipoingia, mzima, lakini na kiatu kimoja tu mguuni. Alimkumbatia mwanawe muda mrefu.

Wiki iliyofuata nilifungua darasa. Niliandika neno ubaoni, nikawaambia wapige makofi, na watoto wakainua mikono. Ineza aliwazuia. Aliweka kiganja chini ya kidevu, akawaonyesha.

"Fanyeni hivi," alisema. "Hata bakiwa inje, habatasikia."

Wote wakamfuata. Chumba kikawa kimya hata Zénon akaja kuchungulia, na mara hii hakulalamika. Nilitaka kuwaambia: makofi, wanangu, pigeni makofi makubwa. Nikautazama mlango, kisha nikaweka kiganja changu chini ya kidevu.