Watu wa Orana Hawakufa

Niseme mapema: sehemu ya nne ya filme "Njia ya Nyota Saba" ni nzuri, lakini ina uongo ndani yake, na uongo ule umenikasirisha miaka kumi na moja.

Meli ya angani ya mfalme inachoma sayari ya Orana, sayari nzima. Kapiteni Zahel, ambaye amezaliwa pale, anaangalia kwa dirisha, analia kidogo, halafu anauliza kama mafuta yanatosha. Baada ya hapo zimefuata filme nyingine nne. Hakuna hata mtu mmoja anayeuliza habari za watu wa Orana.

Mimi ni seremala wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hapa Mugunga. Shule niliiacha darasa la tano. Lakini filme zile nane nimeziona mpaka najua nani anasimama wapi. Ndiyo sababu Cédrick Cirimwami alinifuata. Ni kijana wa mjini, wazazi wake ni watu wa Bukavu, amesomea mambo ya filme. Alitaka kutengeneza sehemu ya tisa kwa kamera yake mwenyewe, juu ya mawe meusi ya volkano. Aliniomba meli ya mbao na mawazo.

Meli niliitengeneza. Wazo nilikuwa nalo moja tu.

"Batu ba Orana hawakufa," nilimwambia.

"Papa Gradi, sayari iliungua yote. Tuliona."

"Uliona mawe yanaungua. Mutu uliona? Mwisho wa sehemu ya tatu, ndege za mufalme zinapita juu ya Orana siku tatu. Siku tatu, Cédrick. Sisi huku tukisikia bunduki moja nyuma ya kilima, mama amekwisha funga godoro. Wale walikuwa wanangoja nini, misa? Walikwisha kimbia. Wako mahali fulani kambini, chini ya shitingi za plastiki, na hakuna aliyewatafuta. Sehemu ya tisa ianzie pale."

Akacheka. "Shitingi huko kwenye nyota."

"Ulitaka nini, hoteli?"

"Watu wanataka vita, papa. Mahema wanayaona kila siku."

Akaandika ya kwake. Katika ya kwake, Zahel anarudi Orana, anatembea katikati ya maiti, anaapa kulipiza kisasi. Alihitaji maiti thelathini. Na maiti hao alikuja kuwatafuta nyumbani kwangu, kwa dada yangu Séraphine na wanawake wenzake waliokimbia kutoka kwetu Masisi.

Séraphine anaishi kwangu tangu kambi ya wakimbizi ilipobomolewa. Yeye na mume wake, Télesphore, walipotezana kwenye barabara ya Sake siku mabomu yalipoanguka. Ni miaka miwili sasa. Hakuna aliyeona maiti yake. Mtu yeyote akifika kutoka kwetu, Séraphine anakwenda kumuuliza. Na kwetu mtu aliye hai halali chini kama maiti, hata kwa mchezo. Ni kuita kifo.

"Ni filme tu, mama," Cédrick alimwambia. "Munalala, munafunga macho, dakika mbili. Kuna mandazi na Fanta."

"Batu hawa wote wamekufa?" Séraphine aliuliza.

"Wote."

"Nani aliwahesabu?"

Cédrick akanitazama kama mimi ndiye niliyemfundisha dada yangu swali lile. Sikumfundisha neno. Nilimwambia Cédrick atoke uani mwangu kabla sijachukua nyundo.

"Acha, kaka," Séraphine alisema. "Tutaenda."

Wiki nzima sikumsemesha. Nilikula nikiwa nimempa mgongo. Nilijiambia, dada yangu anamuuza mume wake kwa mandazi.

Jumamosi tukaenda kwenye mawe. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alikuwa amemruhusu Cédrick kuchoma matairi mara moja tu, kwa sababu ya moshi. Yakawashwa. Moshi ukapanda mweusi, ukaifunika meli yangu, na kwa kweli ilipendeza. Wanawake walisimama na mizigo yao kama walivyopangwa.

"Angukeni," Cédrick alisema.

Séraphine akainama. Nikageuza uso, sikutaka kuona.

Nilipotazama tena, alikuwa amekwisha weka mzigo kichwani. Mwenzake akabeba bidoni ya maji. Mwingine akamfunga mtoto mgongoni. Wakaanza kutembea, wote thelathini, bila haraka, kama watu wanaojua njia ni ndefu.

"Mama, mumekufa! Mulale!"

Séraphine hakugeuka. "Sisi tulikwisha toka zamani, mwanangu. Choma mawe yako."

Exaucée, msichana aliyeigiza Kapiteni Zahel, alibaki peke yake katikati ya moshi. Alikuwa ametayarisha machozi tangu asubuhi. "Sasa nililie nani?" aliuliza.

Cédrick hakuweza kusimamisha kamera. Matairi yalikuwa yanaisha, na moshi mwingine haukuwepo. Alipiga picha mpaka wanawake wakawa wadogo kule mbele, halafu akanijia.

"Ni wewe umewafundisha."

"Mimi nilikuambia wewe, kwa mudomo, ukacheka."

"Basi wanaenda wapi? Papa Gradi, Jumamosi ijayo ninapiga picha zinazofuata. Lazima nijue wanaenda wapi."

"Waulize."

"Wewe niambie."

"Mimi si mudomo wao. Miguu unayo."

 Akatundika kamera shingoni na kukimbia juu ya mawe yale makali na viatu vyake vya mjini, akiita mama Séraphine, mama Séraphine, ngojeni. Séraphine alimsikia. Hakupunguza mwendo.