Hundi Ipitie Posta

Mzee Zefania aliisoma bili ya umeme mara tatu. Kila mwezi kampuni ilikata kwenye akaunti yake ya benki dola mia moja na sitini, kiasi kilekile, ingawa tangu mkewe aende Dodoma alibaki peke yake kwenye nyumba yao ya Takoma Park, huko ughaibuni, na hita aliiwasha kwa nadra. Sasa bili ilisema amelipa kupita matumizi, na kampuni inamshikia dola mia nne na kumi.

"Ziache tu, Baba," alisema binti yake Adela, aliyekuja kumjulia hali. "Baridi ikija zitaliwa."

"Zitaliwa na nani? Hizo ndizo zilizopungua kwenye nauli ya kumrudisha mama yako. Mtu akikushikia fedha kimyakimya, ana lake jambo."

Akapiga simu. Mhudumu akakubali upesi mno: watapunguza makato na kuzirudisha zote benki, ila athibitishe namba ya akaunti. Mzee akaifunika simu kwa kiganja.

"Umesikia? Anataka namba!"

"Baba, si ndiyo akaunti wanayokata kila mwezi? Namba wanayo."

"Kama wanayo, wananiuliza ya nini?"

Adela akacheka. Mzee akaomba aletewe hundi kwa posta. Akaambiwa itachukua wiki tatu.

"Nitangoja," akasema, akakata simu.

"Na Mama naye atangoja?"

Mzee akafikiri kidogo. "Yeye ndiye aliyenikataza kutaja namba kwenye simu. Atangoja."