Matembezi ya Clem Nowicki

Bernadette Nowicki hakubisha hodi. Aliusukuma kwa goti mlango wa gereji ya Russ Hendershot, akalibwaga boksi la viatu mezani katikati ya soseji na chupa za bia. Haradali ikamrukia Lou Szymanski shatini.

“Nani amegusa matembezi?”

Wanaume watano wakatazamana. Ilikuwa saa nane mchana, Jumapili ya mwisho ya msimu, na kompyuta ya Russ ilikuwa imeshawashwa ikingoja mchezo wa kufunga msimu.

“Bernie, kula kwanza,” Russ alisema.

“Sikuja kula.”

Ligi yao ya besiboli ilichezwa ndani ya mashine hiyo. Walikuwa na timu, ratiba, kombe la bati na ugomvi wa miaka ishirini na mitano. Kilichokosekana ni uwanja tu. Clem, kaka yake Bernadette, ndiye aliyeianzisha, na ndiye aliyeleta desturi ya kila mwanachama kujiingiza mwenyewe kama mchezaji, kwa uwezo aliokuwa nao ujanani kwenye viwanja vya mtaani Toledo. Wengine walijipendelea bila haya. Clem alijiandika alivyo: mdakaji mzito, hana mbio, hajui kupiga, ila ana jicho la kuujua mpira mbovu. Alikuwa anasimama pale gongo begani, anasubiri. Mrushaji akikosea mipira minne ikaenda nje, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza; hayo ndiyo matembezi, na Clem alitembea hivyo ujana wake wote. Kusubiri ndiyo kazi aliyoijua. Hata maumivu ya tumbo aliyasubiri yapite yenyewe, miezi minane, na alipofika kwa daktari hapakuwa na la kufanya.

Sasa alikuwa na miaka miwili kaburini. Timu yake aliiongoza dada yake, na Clem bado alidaka kwenye timu hiyo.

Ila kulikuwa na sheria. Mchezaji ambaye msimu umekwisha na hajafika kituoni mara thelathini katika kila mia, jina lake linafutwa kwenye mashine na halirudi. Aliiandika Clem mwenyewe. “Hii ni ligi, si makumbusho,” alikuwa akisema. Leo, ili abaki, alihitaji kufika kituoni mara mbili.

Bernadette alifungua boksi. Ndani mlikuwa na karatasi za michezo yote, zimeandikwa kwa penseli, kwa sababu hakuwahi kuiamini mashine. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na saba, na mtu aliyehesabu watoto asubuhi na jioni muda wote huo hawezi kuacha kuhesabu.

“Msimu uliopita Clem alitembea mara kumi na nane katika mia. Mwaka huu tisa. Nikasema labda ni bahati mbaya. Nikahesabu timu zote. Zote zimeshuka nusu, Russ! Zote! Usiniambie ni bahati.”

Russ alikuna shingo. “Nilipunguza kidogo. Mwezi wa kumi, msimu ulipoanza.”

“Kidogo?”

“Kipimo cha matembezi kilikuwa mia, nikaweka hamsini. Michezo ilikuwa mirefu mno, Bernie. Nani anataka kuona mtu amesimama tu?”

“Mimi!” Bernadette alipiga meza. “Mimi nataka! Umemkata kaka yangu miguu, halafu umekaa hapa unatafuna soseji!”

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Ingekuwa wizi angeusamehe. Huyu hakuiba chochote. Alichoka tu kumwona Clem amesimama.

“Basi tupige kura, sheria isimhusu Clem,” Lou alisema, akijifuta haradali. “Mtu gani atakataa?”

“Mimi nitakataa. Sheria ni yake. Rudisha mia, tucheze.”

Russ akarudisha mia. Timu iliyocheza na ya Bernadette siku hiyo ilikuwa yake yeye Russ, kwa hiyo waliketi bega kwa bega mbele ya skrini, wengine wamesimama nyuma. Mara ya kwanza Clem aliupiga mpira ukaishia karibu, wakamtoa. Mara ya pili akatembea, na Lou akapiga makofi peke yake. Mara ya tatu wakamtoa tena.

Ikafika zamu ya mwisho. Mipira mitatu ikaenda nje, Clem hakuigusa. Miwili mizuri, ya kupigika, ikapita, hiyo pia hakuigusa. Ulibaki mmoja: ukienda nje anatembea, ukiwa mzuri na akauachia, ametoka. Bernadette aliona kidole cha Russ kinateleza kuelekea kitufe cha kumtembeza mpigaji makusudi.

Akakipiga kofi. “Usithubutu!”

“Nimekosa, Bernie. Niache nirekebishe.”

“Hakuna mrushaji aliyewahi kumwogopa Clem akamtembeza makusudi. Alitembea kwa jicho lake. Sadaka yako kaa nayo. Rusha!”

Russ akarusha. Skrini ikaandika mstari mmoja: *Nowicki auachia. Mzuri wa tatu. Ametoka.*

“Si ungepiga!”

Sauti ilikuwa ile ya basini, na Lou aliruka. Lakini Bernadette hakuwa akimtazama Lou wala Russ.

“Mara moja tu, Clem! Mpira umekuja kifuani kwako, unasubiri nini? Siku zote unasubiri nini, mjinga wewe? Nilikwambia mwezi wa tisa twende kwa daktari. Nikakwambia tena Krismasi, nimeshika koti lako mkononi. Ukasema itapita!”

Russ alikuwa akilia na hakujificha.

“Futa,” Bernadette alimwambia.

“Siwezi.”

“Basi sogea.”

Akavuta kiti, akatafuta jina la kaka yake kwenye orodha, akalichagua. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Wanaume wote watano walikuwa wakimtazama, na Lou alikuwa amefungua mdomo kusema neno.

Bernadette hakusubiri.